Soksi, Uzi na Mizani: Mafunzo kutoka Visiwa vya Shetland

(Maelezo ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Mazungumzo haya yanahusu soksi. Huenda mwanachama aliyekuja kusikia habari za mbolea, magunia na bei ya msimu akauliza soksi zina uhusiano gani na chama cha msingi. Jibu ni kwamba kazi ya chama cha ushirika, ikichambuliwa mpaka kwenye mzizi wake, ni kubadilishana. Mmoja hutoa alicho nacho, mwingine humpa anachohitaji, na kati yao husimama kipimo. Kipimo kikiwa cha haki, chama husimama. Kipimo kikipinda, chama huanguka hata kama ghala limejaa. Mara nyingi jambo hili huonekana waziwazi zaidi katika kazi ndogo kuliko katika kazi kubwa, na ufumaji wa soksi kwa mkono, pamoja na desturi ya wafumaji kubadilishana nyuzi, ni mfano mmoja ulio bora.

MAJIRA YA KUFUMA

Katika nchi za kaskazini mwa dunia, miezi ya Septemba, Oktoba na Novemba ni majira ya majani kupukutika. Wakati ambapo huku Afrika Mashariki wakulima wengi huzitazamia mvua za vuli, huko jua hupungua siku hata siku na baridi huanza kuingia majumbani. Ndipo watu wengi, wanawake kwa wanaume, hutoa sindano zao kabatini na kuanza kufuma. Wengi wao hawafumi ili wauze. Soksi za mashine zimejaa madukani kwa bei ndogo, nao hulijua hilo. Hufuma kwa kujiburudisha na kwa kuwapa jamaa zao zawadi. Soksi hupendwa katika majira hayo kwa kuwa ni kazi ndogo inayochukulika mfukoni, inayoweza kufanywa garini au penye mazungumzo, na inayoweza kumalizika kabla ya baridi kali ya mwisho wa mwaka.

Mahali pamoja panaposifiwa sana kwa kazi hiyo ni visiwa vya Shetland, vilivyo kaskazini ya mbali ya Uskoti, katikati ya bahari kati ya Uskoti na Norwe. Visiwa hivyo ni zaidi ya 100, lakini vinavyokaliwa na watu havifiki 20, na wakazi wake wote ni kiasi cha 23,000. Mji wao mkuu ni Lerwick. Katika siku fupi kuliko zote za mwezi Desemba, mwanga wa jua mjini humo haufikii hata saa sita. Miti ni haba kwa sababu ya upepo, na udongo mwingi haufai kwa kilimo kikubwa. Kilichowalisha watu wa huko kwa karne nyingi ni samaki, na kondoo wadogo wenye sufu laini ya rangi nyingi za asili: nyeupe, nyeusi, kijivu na kahawia za namna mbalimbali. Wataalamu wa kondoo hao hutambua rangi kuu 11.

Mwaka 2010 watu wa Shetland walianzisha wiki maalumu ya sufu, ambayo huangukia majira hayohayo ya majani kupukutika. Wafumaji wa burudani husafiri kutoka nchi nyingi, wakaingia katika warsha, wakatembelea wafugaji, wakanunua nyuzi na kulinganisha kazi zao. Mgeni anayeona furaha hiyo hawezi kudhani kwamba katika visiwa hivyohivyo, miaka 150 iliyopita, soksi na shali zilikuwa chombo cha kumfunga mwanamke katika ufukara. Habari hiyo itafuata mahali pake. Kwanza inafaa kuifahamu kazi yenyewe.

SOKSI HUFUMWAJE

Soksi ya mkono hufumwa kwa mviringo, bila mshono wa ubavuni. Mfumaji hutumia sindano tano nyembamba zenye ncha pande zote mbili. Sindano nne hushika vitanzi, na ya tano hufuma. Kwa mguu wa mtu mzima, vitanzi 64 ni hesabu ya kawaida, yaani 16 kwa kila sindano. Kazi huanza juu, penye mdomo wa soksi, ambapo vitanzi hufumwa kwa mistari inayovutika ili soksi isiteremke. Kisha mguu hufumwa mzunguko baada ya mzunguko hadi kifundoni.

Penye kisigino ndipo ujuzi hupimwa. Nusu ya vitanzi, yaani 32, hufumwa peke yake, kwenda na kurudi, mpaka kipatikane kipande cha mraba. Halafu mfumaji hukigeuza kwa kupunguza vitanzi kwa hesabu maalumu, na kitambaa kilichokuwa bapa hujikunja kikawa kama kikombe. Huokota vitanzi vipya kandokando ya kipande hicho, hupunguza kidogo kidogo mpaka arudie 64, hufuma wayo, na mwisho huzifunga ncha za vidole. Akikosea hesabu penye kisigino, soksi haitavalika, hata kama uzi wake ni wa bei kubwa.

Katika Shetland wafumaji wa zamani walikuwa na mkanda wa ngozi kiunoni, uliojazwa manyoya ya farasi na kutobolewa matundu. Ncha ya sindano iliingizwa katika tundu la mkanda, na hivyo mkono mmoja ulipunguziwa mzigo. Mwanamke aliweza kufuma huku anatembea, akiwa amebeba mgongoni kikapu cha mboji ya kuwashia moto. Mkanda huo ungali unatumika hata leo.

Mtu asidharau kazi hiyo. Vitanzi 64 kwa mizunguko 160 ni vitanzi 10,240, kabla hata ya kuhesabu kisigino na ncha ya vidole. Na hiyo ni soksi moja. Ya pili yangoja, nayo lazima ilingane na ya kwanza.

Hapo ndipo mizani huingia. Uzi wa soksi kwa kawaida huuzwa kwa donge la gramu 100 lenye urefu wa kiasi cha meta 400. Mfumaji mwangalifu, akimaliza soksi ya kwanza, huipima. Ikiwa soksi ni gramu 42 na donge lililobaki ni gramu 58, ataendelea bila wasiwasi. Ikiwa soksi ni gramu 53 na kilichobaki ni gramu 47, anajua tangu hapo kwamba ya pili haitafika vidoleni, na kwamba ni lazima atafute uzi mwingine au afupishe mguu. Asiyepima atayajua hayo baada ya wiki mbili za kazi, uzi umekwisha na soksi iko nusu. Makatibu waliowahi kuona msimu unafungwa fedha za malipo ya pili zikiwa zimepelea wataelewa mfano huu bila maelezo zaidi.

KUBADILISHANA NYUZI

Baada ya kila jozi hubaki masalio: gramu 20, gramu 40. Tena hubaki madonge mazima yaliyonunuliwa kwa pupa wakati rangi zilipopendeza macho. Mwaka hadi mwaka masalio hayo hujaa masandukuni, na sufu isiyotumiwa huliwa na nondo. Kwa sababu hiyo wafumaji wamejiwekea desturi ya kukutana, nyumbani kwa mmoja wao, katika maktaba au katika ukumbi wa kanisa, ili kila mmoja alete asichokihitaji na kuchukua anachokihitaji.

Mkutano kama huo ukiendeshwa vizuri hufuata utaratibu ambao mwanaushirika yeyote ataufahamu. Kila mfumaji akifika huweka nyuzi zake mezani. Mtu aliyechaguliwa huzipima na kumpa tikiti kwa kadiri ya alicholeta, kwa mfano tikiti moja kwa kila gramu 50. Nyuzi zote zikishapokelewa na kupangwa, ndipo uchaguzi huanza, na kila mtu huchukua kwa kadiri ya tikiti zake. Hakuna anayeruhusiwa kuchagua kabla ya wenzake kufika, na mpimaji hajiwekei donge zuri chini ya meza. Uzi ulioliwa na nondo hurudishwa kwa mwenyewe mlangoni, kwa maana donge moja lenye mayai ya nondo laweza kuharibu sanduku zima la mwenzake.

Donge linalokubalika bila maswali ni lile lenye karatasi yake. Karatasi hiyo huonyesha mambo matano: uzi umetengenezwa kwa nini, uzito wake, urefu wake, unene wa sindano inayofaa, na namba ya rangi. Namba ya rangi ina maana kubwa. Viwanda hutia rangi kwa mafungu, na mafungu mawili ya jina moja la rangi huweza kutofautiana kidogo. Tofauti hiyo haionekani kwenye madonge yakiwa mbalimbali, lakini huonekana wazi soksi ikishafumwa. Mfumaji anayetafuta gramu 20 za kumalizia soksi yake ya pili hatosheki na neno “buluu”, atauliza namba.

Donge lisilo na karatasi nalo lina njia yake. Hukatwa kipande kidogo cha uzi na kuchomwa moto kwa uangalifu. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua, hujizima yenyewe ikiondolewa motoni, na majivu yake husagika vidoleni. Akriliki huyeyuka na kuacha tone gumu. Kwa njia hiyo hakuna haja ya kubishana wala kumtilia mtu shaka. Moto hutoa ushahidi mbele ya wote.

UZITO PEKEE HAUTOSHI

Hata hivyo, wafumaji waliojaribu kubadilishana kwa mizani peke yake waligundua upesi kwamba watu wawili wanaweza kutoa uzito sawa na bado mmoja akapunjwa. Sababu zake ni tatu.

Sababu ya kwanza ni kwamba uzito si urefu. Gramu 50 za uzi mwembamba wa soksi ni kiasi cha meta 200, hali gramu 50 za uzi mnene wa sweta zaweza kuwa chini ya meta 100. Anayetaka soksi huhitaji meta. Gramu hazimvishi.

Sababu ya pili ni daraja. Gramu 50 za sufu safi na gramu 50 za akriliki ya bei ya chini zikiwekwa kwenye mizani zitalingana, lakini hazilingani katika bei wala katika kazi. Uzi mzuri wa soksi mara nyingi huwa robo tatu sufu na robo moja nailoni, kwa kuwa sufu huleta joto na nailoni huzuia kisigino kutoboka upesi. Basi mikutano mingine hupanga meza mbili au tatu kwa madaraja, na tikiti ya meza moja haitumiki kwenye meza nyingine. Huko Lerwick pia, wafugaji wadogo wanapoleta sufu ya kondoo wao kuuza, manyoya hupangwa madaraja kwa mkono na mtu mwenye ujuzi kabla ya bei kutajwa. Mkulima wa pamba anayejua tofauti ya pamba safi na pamba fifi, au wa tumbaku anayejua wingi wa madaraja yake, hahitaji kufundishwa zaidi juu ya hilo.

Sababu ya tatu ni unyevu. Sufu ina tabia ya ajabu ya kunywa maji bila kuonyesha. Yaweza kushika unyevu unaofikia kiasi cha asilimia 30 ya uzito wake mkavu, na bado mkono usihisi kuwa imelowa. Kwa hiyo mtu akiweka sufu yake mahali penye unyevunyevu usiku mmoja, asubuhi atauza maji kwa bei ya sufu. Wafanyabiashara wa Uingereza waliteta juu ya jambo hili kwa miaka mingi, hata mji wa Bradford, uliokuwa kitovu cha biashara ya sufu, ukawa na nyumba maalumu ya umma ya kupima unyevu, ili muuzaji na mnunuzi wote wawili wakubali cheti kimoja. Si lazima kutaja mazao yapi ya Afrika Mashariki yana ugomvi kama huo. Kila karani wa mizani anayajua.

Lakini mikutano ya wafumaji wa burudani ina kinga moja iliyo kubwa kuliko mizani. Mtu asiyependa alichopewa anaweza kukataa, akafunga mfuko wake na kurudi nyumbani. Hatalala njaa. Ni kubadilishana kati ya watu walio huru. Pale uhuru huo unapokosekana, desturi ileile hugeuka kuwa kitu kingine kabisa, na hapo ndipo inapofaa kurudi Shetland ya karne ya 19.

SHETLAND YA MWAKA 1872

Tangu karne ya 17 wanawake wa Shetland walikuwa wakiwauzia soksi wavuvi wa Kiholanzi waliofika kila mwaka kuvua. Baadaye ufumaji uliendelea mpaka wakaweza kufuma shali nyembamba mno za kuvaliwa na mabibi wa London. Ujuzi haukuwa haba, wala soko halikukosekana. Kilichokosekana ni fedha mkononi mwa mfumaji.

Wafumaji walikuwa wa namna mbili. Baadhi yao walipewa uzi na mwenye duka, wakamfumia, wakalipwa kwa kazi. Wengine walifuma kwa uzi wao wenyewe na kuleta dukani soksi au shali iliyokwisha. Wote wawili, kwa desturi ya mahali hapo, walilipwa kwa bidhaa za duka hilohilo, hasa chai na vitambaa. Mwenye duka alipanga bei ya soksi, na ni yeye aliyepanga bei ya chai. Mwanamke aliyeomba fedha taslimu aliambiwa kwamba desturi si hiyo, au alipewa kidogo kuliko thamani iliyotajwa kwa bidhaa.

Mwaka 1872 mwanasheria William Guthrie, aliyetumwa na serikali ya Uingereza, alifika Shetland kuichunguza desturi hiyo. Aliwaita wafumaji, wavuvi, wenye maduka na wachungaji wa makanisa, akawauliza maswali na kuyaandika majibu yao moja baada ya jingine. Ripoti yake ilichapishwa mwaka huohuo, na hadi leo ni hazina kwa anayetaka kujua jinsi biashara isiyo na fedha inavyomla mnyonge.

Humo yaonekana kwamba chai haikuliwa kama ugali. Mwanamke aliyelipwa chai alihitaji unga, viazi na mboji ya moto, vitu ambavyo duka la vitambaa halikuwa navyo. Basi alichukua chai au kitambaa chake akatembea navyo kwa watu, akivibadilisha kwa chakula, na mara nyingi kwa hasara. Alifanya kazi mara mbili: kwanza kufuma soksi, kisha kumtafutia mwenye duka wateja wa chai yake.

Yaonekana tena kwamba baadhi ya maduka yalitoa vikaratasi badala ya bidhaa, vinavyosema kwamba mwenye navyo anastahili kupewa vitu vya thamani fulani siku nyingine. Mfumaji mwenye shida aliweza kukiuza kikaratasi chake kwa jirani kwa thamani pungufu. Hivyo kazi yake ilikatwa dukani, ikakatwa tena mlangoni kwa jirani.

Na liko jambo moja linalohusu uzi wenyewe. Mara nyingi uzi wa sufu ulihesabiwa kuwa bidhaa ya fedha taslimu. Mfumaji aliyeleta soksi dukani aliweza kupewa chai, lakini hakuweza kwa urahisi kupewa uzi wa kufumia jozi nyingine. Chai aliyokuwa nayo haikununua uzi, na fedha zilizonunua uzi hakupewa. Hiyo ndiyo iliyokuwa kamba shingoni. Aliyenyimwa chombo cha kazi yake hawezi kuhama duka, hata kama duka la pili lina bei njema.

Wavuvi nao, waume na ndugu wa wanawake hao, walifungwa kwa njia iliyofanana na hiyo. Hesabu zao na mwenye duka zilifungwa mara moja kwa mwaka, na wengi hawakuwa na kitabu chochote mkononi cha kulinganisha na daftari la duka. Walitajiwa deni, wakalikubali. Wahenga wa Kiswahili walikwisha kusema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Huko Shetland daftari lilikuwako, ila lilikuwa upande mmoja tu wa kaunta.

SHERIA NA USHIRIKA

Mtu atauliza, je, hapakuwa na sheria? Ilikuwako. Tangu mwaka 1831 sheria ya Uingereza ilikataza waajiri wa kazi nyingi kuwalipa wafanyakazi kwa bidhaa. Lakini sheria hiyo ilimlinda mtu aliyeajiriwa kwa ujira. Mwanamke aliyefuma nyumbani kwake kwa uzi wake mwenyewe hakuhesabiwa kuwa ameajiriwa. Alihesabiwa kuwa mchuuzi anayeuza soksi. Ilichukua miaka 15 baada ya ripoti ya Guthrie kupata marekebisho. Sheria ya mwaka 1887 ilitaja waziwazi vitu vilivyofumwa kwa sufu na mtu afanyaye kazi nyumbani, vyenye thamani isiyofika pauni 5, ikaagiza kwamba navyo vilipwe kwa fedha. Hata hivyo desturi haikufa siku ile sheria ilipotangazwa. Iliendelea kwa siri na kwa dhahiri mpaka ndani ya karne ya 20, kwa maana sheria haiwezi kumpa mnyonge duka la pili la kwenda.

Linalompa duka la pili ni umoja wa watu wenyewe. Kila mwanaushirika amesikia habari za Rochdale, mji wa Uingereza ambako mwezi Desemba mwaka 1844 watu 28 walifungua duka lao. Mara nyingi husahauliwa kwamba baadhi yao walikuwa wafumaji wa vitambaa vya sufu, na kwamba shida zao zilikuwa za ukoo mmoja na zile za wanawake wa Shetland: mishahara midogo, deni dukani, unga uliochanganywa takataka na mizani iliyopunja. Kanuni zao hazikutoka hewani. Waliuza kwa fedha taslimu kwa kuwa walijua deni humfunga mtu. Walitoa uzito kamili na vitu safi kwa kuwa walikuwa wamekwisha kupunjwa. Walimpa kila mwanachama kura moja, na ziada waliigawa kwa kadiri ya manunuzi ya kila mmoja. Kila kanuni ilikuwa dawa ya kidonda kilichojulikana.

YANAYOWAHUSU MAKATIBU

Ndugu Makatibu, chama cha msingi si duka la Lerwick, na katibu si mwenye duka. Lakini maovu hayaji daima na mtu mwovu. Huja pia na desturi ya uvivu, na haraka ya msimu. Chama kinachompa mwanachama mbolea leo na kukata thamani yake katika mazao baada ya miezi minane kinabadilishana bidhaa kwa bidhaa, na kwa hiyo kinasimama mahali palepale penye hatari. Kufanya hivyo si kosa. Kosa ni kufanya hivyo bila kinga. Kinga zenyewe ni hizi.

Kwanza, bei itajwe kwa fedha siku ya kutoa. Mwanachama anayepewa mfuko wa mbolea aandikiwe siku hiyohiyo thamani yake kwa shilingi, pamoja na gharama ya usafiri na riba kama ipo. Kuandika “mfuko mmoja” peke yake ni kuacha mlango wazi, kwa sababu mfuko mmoja wa mwezi Oktoba na mfuko mmoja wa mwezi Juni si bei moja.

Pili, daftari liwe pande mbili za kaunta. Kila ingizo katika leja ya chama liwe na ingizo lililo sawa nalo katika kitabu cha mwanachama, na liandikwe mbele yake. Asiyejua kusoma asomewe, mbele ya shahidi anayemwamini. Mwanachama anayeletewa deni mwisho wa msimu asiwe analisikia kwa mara ya kwanza.

Tatu, mizani ionekane. Uso wa mizani umwelekee mwenye mazao na si karani peke yake. Mizani irudishwe sifuri kabla ya kila mzigo, ikaguliwe na wakala wa vipimo kwa wakati wake, na uzito wa gunia tupu ukatwe kwa kadiri iliyopimwa kwa hakika. Unyevu na daraja vielezwe kwa sauti kabla ya bei. Ukitokea ubishi, kuwe na sampuli inayowekwa na kutazamwa na wote, kama wafumaji wanavyochoma uzi mezani.

Nne, stakabadhi isigeuke kuwa bidhaa. Chama kikichelewa kulipa, mwanachama mwenye mgonjwa nyumbani au ada ya shule atamwuzia mchuuzi stakabadhi yake kwa bei ya kutupa. Hasara hiyo haionekani katika mizania ya chama, lakini imetoka mfukoni mwa mwanachama. Kamati iulize katika kila mkutano ni stakabadhi ngapi hazijalipwa na ni za tangu lini, na jibu liandikwe katika kumbukumbu.

Tano, mwanachama asinyimwe chombo cha kazi yake. Mbegu, dawa na magunia visigawanywe kwa namna ambayo mwenye deni dogo hubaki bila njia ya kulima na kulilipa. Deni la mtu aliyenyimwa jembe halilipiki.

Mambo hayo matano hayahitaji fedha nyingi wala wataalamu wa kutoka mbali. Yanahitaji kalamu, mizani iliyo sawa na katibu asiyechoka kueleza. Wako makatibu ambao tayari hufanya yote matano, na vyama vyao hujulikana kwa alama moja rahisi: siku ya malipo wanachama hupanga mstari kimya, kila mmoja ameshika kitabu chake na anajua tangu nyumbani ni kiasi gani atapokea.

Wanawake wa Shetland hawakukosa bidii. Vitanzi elfu kumi kwa kila soksi ni bidii ya kutosha. Hawakukosa ujuzi wala wanunuzi. Walikosa kuona bei ya kazi yao ikiandikwa mahali wanapoweza kuisoma, na kulipwa kwa kitu wanachoweza kukipeleka popote wapendapo. Chama cha ushirika kikiwapa wanachama wake mambo hayo mawili, kimetimiza sehemu kubwa ya kazi iliyokifanya kiundwe. Kikiyakosa, hakuna jina wala bendera itakayokitenga na duka la Lerwick.

Ndugu Wanachama, kitabu cha hesabu kilicho kabatini kwa katibu ni chenu. Ombeni kukiona.